Majina Niliyoyachemsha

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Hayakumpata jirani yangu, wala sikuyasikia kwa mtu wa Msuka aliyesimuliwa na shemeji yake. Yalinipata mchana, tumbo limeshiba muhogo, akili zangu timamu, na macho yangu siku hizo yalikuwa yanapitisha uzi kwenye tundu ya sindano bila miwani. Naanza hivi kwa sababu najua utasema mzee huyu kaota. Sikuota. Laiti ningelikuwa nimeota, ningekuwa mtu mwenye furaha zaidi leo. Mke wangu alishuhudia nusu ya mambo haya, na mpaka anafariki hakunisamehe sawasawa kwa nusu ile aliyoijua.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, hapa Wete, zama zile za siasa ambapo watu walisusiana mpaka kwenye maziko. Nilikuwa kijana, nimeoa mwaka uliotangulia, na nimeajiriwa katika afisi moja ya serikali ambayo sitaitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu na si la afisi. Kazi yangu ilikuwa kutunza ramani. Usidhani ramani za dunia zile za skuli. Hizi zilikuwa michoro ya majengo: nyumba za maafisa, maghala ya karafuu, madaraja, mahakama, hata choo cha gereza kilikuwa na mchoro wake. Mingine ilichorwa na watu waliokufa kabla mimi sijazaliwa.

Michoro ile haikuwa kwenye karatasi za kawaida. Mingi ilikuwa kwenye karatasi nyembamba za kunakilia, zile ambazo ukizilaza juu ya mchoro mwingine unauona wa chini. Ile ya zamani zaidi ilikuwa kwenye kitambaa. Ndiyo, kitambaa, pamba safi iliyotiwa wanga na kukandamizwa kwa mashine mpaka ikang'aa na kupitisha mwanga. Ukikiinua mbele ya dirisha unaona mistari ya wino, na nyuma ya mistari unaona mnazi wa uani, kuku, mtu anayepita, kila kitu.

Kutunza vitu hivyo kulikuwa kazi hasa, niamini. Karatasi zilikuwa zinakauka na kukatika pembeni kama ganda la kitunguu. Vitambaa mende walivipenda kwa ajili ya ule wanga. Masika yakiingia, unyevu ulivigandisha pamoja mpaka kuvibandua ni sala na subira. Nilifundishwa nisivikunje, nisivizungushe, nivilaze bapa kwenye droo na karatasi safi kati ya kimoja na kingine, nisivishike kwa mkono wenye jasho. Na kubwa kuliko yote, vitambaa visiguse maji. Tone moja tu, wanga unayeyuka. Nilikuwa stadi wa kazi hiyo na nilijivuna nayo. Bwana mkubwa wetu akija na wageni alikuwa akiwaleta mpaka kwenye kabati langu, ananisifu mbele yao, na mimi naangalia chini kama bibi harusi.

Basi ile elimu ya maji ndiyo iliyoniponza. Siku moja paa lilivuja, kitambaa kimoja kikaharibika. Kilikuwa mchoro wa banda la farasi lililokwishabomolewa zamani. Bwana mkubwa akaandika katika daftari kwamba kimeharibika, akaniambia nikitupe. Sikukitupa. Nilikipeleka nyumbani, nikakitia kwenye maji ya moto na sabuni. Wanga ukatoka, wino ukatoka, na kilichobaki mke wangu Salma alikishika akakipitisha baina ya vidole. Salma alikuwa mshonaji wa kofia za viua, na mshonaji wa kofia hukijua kitambaa kwa vidole kabla ya macho.

"Hili bafta la wapi?" akauliza.

Halikuwapo dukani bafta kama lile, jembamba, jeupe, laini. Akanishonea kofia. Miezi mitatu ilimchukua, tundu moja baada ya nyingine, na nilipoivaa Ijumaa ya kwanza watu msikitini walinigeukia. Waliponiuliza nikasema nimeletewa na binamu yangu wa Mombasa. Sina binamu Mombasa.

Kitambaa cha pili kilikuwa kimeliwa kidogo na mende. Cha tatu kilikuwa na doa la kutu. Cha nne hakikuwa na kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka daftari mezani, na bwana mkubwa alitia sahihi bila kuangalia kwa sababu aliniamini. Kila mara niliandika "mchwa". Mchwa wa Wete nimewasingizia mengi, Mungu anisamehe.

Sasa ndiyo nafika penyewe. Pembeni mwa mji, karibu na msikiti mdogo, palikuwa na makaburi ya zamani. Serikali ilikitaka kiwanja kile ijenge ghala. Wazee walikataa, wakabembelezwa, mwisho wakakubali kwa sharti moja: kabla ardhi haijasawazishwa, kila kaburi lipimwe na lichorwe pale pale lilipo, na ndani yake liandikwe jina la maiti kwa herufi za Kiarabu, ili mtu akitaka kumrehemu wake ajue asimame wapi. Mchoraji akapima, mwalimu wa chuo cha Kurani akaandika majina, ghala likajengwa. Kitambaa kile kikalazwa droo ya chini kabisa, na tangu niingie kazini sikuona mtu aliyekiulizia. Kilikuwa kipana kuliko vyote na hakikuwa hata na doa. Mtu mwingine angeona watu sitini wamelala. Mimi niliona kofia nne.

Nikaandika "mchwa", sahihi ikatiwa. Jioni nikajizungushia kitambaa kiunoni chini ya kanzu, nikenda nacho nyumbani nikiwaamkia watu njiani kama kawaida. Salma alikuwa bado anamalizia kofia nyingine, kwa hiyo nilikiweka ndani ya sanduku. Tafadhali likumbuke hili, maana ndilo linaloninyima usingizi mpaka leo: kilikuwa sandukuni, kizima, hakijaguswa na tone la maji.

Siku chache baadaye, Jumanne, mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Wenzangu walikwenda kusali alasiri, mimi nikabaki kuangalia ndoo iliyowekwa chini ya paa linalovuja. Nikasikia hodi.

"Karibu," nikasema.

Akaingia mwanamke wa makamo, kajitanda kanga kuukuu nyekundu iliyopauka, ya mtindo aliokuwa akivaa mama yangu mimi nikiwa mdogo. Akasimama baina ya meza yangu na dirisha. Nikamwambia masalkheri mama, hakuitika. Nikamtolea salamu ya Kiislamu, nayo hakuitika. Akasema tena, "Hodi," kama mtu ambaye bado yuko nje.

"Karibu mama. Una haja gani?"

"N'taka kumwona mwanangu," akasema. "Ile nguo yenye makaburi. N'tandazie nimwone, nende zangu."

Kwa lafudhi yake nilimjua kuwa ni mtu wa kisiwani Fundo. Na ungefikiria nini wewe? Mimi nilifikiri ni mama wa watu aliyevuka kuja mjini na mvua imemkuta. Hofu yangu haikuwa kwake, ilikuwa kwa daftari. Ramani imeandikwa imeliwa, na sahihi ipo. Nikitamka vingine, kesho nasimama mbele ya bwana mkubwa, keshokutwa polisi wako sandukuni kwangu.

"Haipo mama," nikasema. "Mchwa wameila."

"Yote?"

"Yote."

"Hata pale kwake?"

Sikuwa nimelitazamia swali hilo. Nikasema, "Hata pale kwake."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisogea mezani kidogo, akaanza kunieleza polepole, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi na bado hajalizoea. "Mdogo sana baba. Hata arubaini hajatimiza. Tulivuka nae kuja kwa daktari, kisha bahari ikachafuka, hatukuweza kumrudisha. Wakanlaza huku, kwa watu asowajua. Mie sina n'tu hapa mjini. Nguo ile ndo ilonionyesha pahala pake. Hebu tazama vyema, baba. Labda imekwenda chini."

Ili aondoke, nikavuta droo, nikatoa kitambaa kingine, mchoro wa daraja nadhani. "Hivi ndivyo vilivyobaki," nikasema. "Tazama mwenyewe." Nikakishika kwa ncha zote mbili, nikakiinua baina yangu na yeye, usawa wa dirisha.

Nimekwambia vitambaa vile vinapitisha macho. Niliona mistari ya daraja. Nyuma ya mistari niliona nondo za dirisha, na nyuma ya nondo niliuona mnazi wa uani unatiririka maji, na kuku wawili wamejikunyata chini ya baraza. Mwanamke sikumwona. Alikuwa amesimama baina yangu na dirisha, hatua mbili kutoka puani kwangu, na sikumwona. Nikakishusha kitambaa. Yupo, ananitazama, anangoja. Nikakiinua tena. Nondo, mnazi, kuku. Mara ya tatu sikuthubutu.

"Siyo hii," akasema kwa upole. "Basi n'tarudi Ijumaa. Labda utakuwa umeiona."

Sikumwona anatoka. Nilijikuta nimekaa sakafuni na maji ya ndoo yamefurika yamenifika mapajani, na aliyenikuta hivyo ni Mzee Faki, tarishi wetu, mtu aliyekuwapo pale afisini kabla ya sisi wote. Nikamweleza niliyoyaona. Nilitazamia atacheka. Hakucheka.

"Kanga nyekundu?" akauliza. "Imepauka?"

"Ndiyo."

"Ndiye. Bi Riziki wa Fundo. Mie nikadhani kaacha kuja, ndo maana sikukwambia, mwanangu." Akavuta kigoda, akakaa. "Alipokuwa hai akija kila masika, mwezi alofia mwanawe. Akitandaziwa ile nguo, akitazama, kisha akenda kule ghalani akasimama pahala pake akasoma Fatiha. Alipokufa tukapumzika mwaka mmoja. Mwaka wa pili kaja."

"Mkafanya nini?"

"Bwana alokuwa na kazi yako hii hakuwa n'tu wa maneno mengi. Akiitandaza ramani pale mezani, penye mwanga, akiweka vijiwe kwenye pembe nne, akatoka nje kusimama barazani. Robo saa. Akirudi, ramani iko vile vile na Bi Riziki keshakwenda. Hana ubaya na n'tu. Ntandazie tu, utoke."

Ungepatikana wepesi zaidi ya huo? Ramani ilikuwa nyumbani kwangu, mwendo wa dakika kumi. Na mimi nikafungua mdomo nikasema, "Mchwa wameila, Mzee Faki."

Akaigeukia droo ya chini. "Droo ile naipaka mafuta ya taa mie mwenyewe, kila mwezi," akasema. "Mchwa wepi hao?"

Nikainuka, nikenda kukalia kiti changu. Yeye alikuwa tarishi, mimi nilikuwa karani, na katika zama zile neno la tarishi lilikuwa na mwisho wake. Akainamisha macho kwa kuniheshimu, akachukua ndoo akenda kuimwaga. Yale macho aliyoyainamisha nayaona mpaka leo.

Jioni nikarudi nyumbani mbio. Usidhani nilikwenda kuichukua ramani niirudishe. Nilikwenda kuimaliza. Woga una hesabu zake za ajabu. Niliona kwamba maiti hawezi kunishitaki lakini Mzee Faki anaweza, na katika mji ule uliogawanyika kila mtu alikuwa na mtu wa kumchongea. Nikakoka moto, nikabandika sufuria kubwa ya kuchemshia nguo, nikakitia kitambaa.

Salma akaja kunisaidia na mwiko wa mti. Kitambaa kilikuwa kinageuka geuka ndani ya maji, na kila kilipogeuka maandishi yalijitokeza juu kabla ya kufifia. Salma alisoma chuoni vizuri kuliko mimi. Nikamsikia anasoma kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma bila kukusudia. "Khatib bin Hamad. Asha binti Makame. Omar." Kisha akakizuia kitambaa kwa mwiko. "Mize. Hapa pameandikwa Mize, wa siku ishirini na nane." Akaniangalia. "Haya ni majina ya watu. Mbona unayachemsha?"

"Ni wenye mashamba," nikasema. "Ramani ya mashamba ya zamani."

"Na huyu wa siku ishirini na nane ana shamba?"

Nikamwambia aache kelele. Ndivyo nilivyomwambia mke wangu, ambaye hakuwa amepiga kelele yoyote. Akashika tena mwiko, lakini mkono wake hauendi. Kitambaa kilipotoka kilikuwa cheupe kama maziwa, na maji yalibaki ya kijivu. Salma akakataa kuyamwaga. Alisema maji yaliyokosha maandishi hayamwagwi ovyo, kama maji ya kombe tu, hutafutiwa mahali pasipokanyagwa na watu. Mimi nikaibeba sufuria nikayamwaga mferejini, nyuma ya nyumba.

Na sasa nikwambie kitu kitakachokufanya unidharau, na unayo haki. Alhamisi, nikiwa natia udhu, likanijia wazo dogo kabisa. Ningeliweza kujizungushia ile ramani kiunoni vile vile nilivyoitoa, nikaenda nayo afisini Ijumaa, nikaitandaza robo saa na vijiwe vinne, nikarudi nayo nyumbani. Daftari lisingejua. Bwana mkubwa asingejua. Mzee Faki angejua na angenyamaza. Wazo rahisi kiasi hicho, lilikuwa wapi Jumanne? Nikabaki na kopo la maji mkononi mpaka mwadhini akamaliza.

Nikajitia ustadi. Nilikuwa na mkono mzuri wa kuchora, kwa hiyo usiku huo na asubuhi yake nikachukua karatasi mpya ya kunakilia, nikachora kiwanja, msikiti, ukuta, na makaburi safu kwa safu, vile nilivyokumbuka. Nilikumbuka nini? Nilikuwa nimekitazama kitambaa kile kwa upana wake tu. Nilijua mapindo yake yana urefu gani. Katika vile vijumba vidogo niliandika majina matatu manne niliyoyasikia kwa Salma, na Mize nikamweka karibu na ukuta, kwa sababu nilihisi mtoto angewekwa karibu na ukuta.

Ijumaa baada ya sala afisi ilikuwa tupu. Nikaitandaza ile karatasi penye mwanga, nikaweka vijiwe. Nilitakiwa nitoke. Sikutoka, kwa sababu nilitaka kuona kama itampita.

Sikusikia hodi safari hii. Niligeuka tu nikamwona kainama juu ya meza. Alikuwa na haraka ya furaha, niamini, kama mtu anayefungua barua. Kidole chake kikapita juu ya safu ya kwanza, kikarudi, kikapita ya pili. Kikafika penye jina la Mize, kikakaa. Kisha kikaondoka.

"Hayuko hapa," akasema.

"Ndipo, mama. Jina lake hilo."

"Jina ndilo. Lakini hayuko." Akaendelea kutafuta, safu baada ya safu, na sauti yake inapungua. "Na hapa hakuna n'tu. Na hapa. Baba, mbona umenichorea makaburi matupu?"

Hapo nikashindwa. Machozi yakanitoka mtu mzima, nikamwambia. "Haikuliwa na mchwa mama. Niliichukua mimi. Nimeifua."

"Umeifua?"

"Nimeifua. Niwie radhi."

"Na jina lake?"

"Limetoka na maji."

Akakaa chini. Alikaa kama wanavyokaa wanawake katika nyumba ya msiba, miguu kainyoosha, kanga kaivuta usoni. Kisha akauliza, uso bado umefunikwa, "Maji yale uliyamwaga wapi?"

"Mferejini. Nyuma ya nyumba yangu."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa ndugu yake kazikwa wapi. Nikainama kuokota kijiwe kilichoanguka, na nilipoinuka palikuwa na sakafu tu.

Nilidhani yameisha. Wiki iliyofuata, saa nne ya asubuhi, Salma alikuwa anafagia uani akamwona mwanamke kachuchumaa kwenye mfereji wetu, mikono yake ndani ya maji, anakoroga taratibu. Akadhani ni mwenda wazimu, akamwendea kwa huruma. "Bibi, umepoteza nini?" Yule mwanamke akamwambia, "Mwanangu. Siku ishirini na nane." Salma hakupiga ukelele. Aliingia ndani, akasimama mbele yangu na ufagio wake, akasema, "Nambie kweli." Nikamwambia kweli. Alikuwa ameshakikata kitambaa, duara za juu na mikanda yake, na viua vimeanza. Akavikusanya vipande vyote mpaka nyuzi, akavifunga katika kanga mpya, akavizika mwenyewe. Mpaka amekufa hakunishonea tena kofia. Hizi unazoniona nazo nanunua.

Hatukuwa na nyumba nyingine ya kuhamia. Kila masika, mfereji ukianza kujaa, Bi Riziki alikuwa akija. Hakumdhuru mtu, hakutupa jiwe, hakulia. Salma akimwona alikuwa akimwamkia, ingawa haitikiwi, na akiwazuia watoto wa jirani wasiruke mfereji saa ile. Mimi nilikuwa natoka kwa mlango wa mbele, nazunguka mtaa mzima ili nisipite nyuma ya nyumba yangu mwenyewe. Afisini nilikuwa naheshimiwa zaidi kila mwaka. Sikugusa kitambaa tena, nakuapia, lakini hilo lilimfaa nini Bi Riziki?

Mwaka wa tatu, ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, nilichoka kuzunguka. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na siku chache tu, namsikia akilia ndani, na nje najua nani yuko. Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Alikuwa pale pale, kanga ile ile. Nikasimama karibu naye nikingoja anilaani, na niamini, nililitaka hilo. Aliinua uso akanitazama kama mtu asiyenijua kabisa.

"Baba," akasema kwa adabu, "wewe ni mwenyeji wa hapa? Maji haya yenda wapi?"

Ningeliweza kumwambia sijui. Mdomo wangu ulikuwa umezoea.

"Yanakwenda baharini, mama," nikasema. "Yanapita kule chini penye mikoko, yanaingia baharini."

Akafikiri. "Upande wa Fundo?"

"Upande wa Fundo."

"Ahsante baba," akasema. "Mungu akuweke." Akasimama, akajipangusa mikono kwenye kanga, akaanza kuteremka akiufuata mfereji, anainama kila baada ya hatua chache kutazama ndani ya maji. Nilimwangalia mpaka alipopotea kwenye mikoko. Hajarudi tena. Watu huniambia basi kafika, kapumzika. Wao wanajuaje? Mimi nilikuwapo, na nilivyomwona anakwenda hakuwa mtu aliyefika. Alikuwa mtu anayekwenda kutafuta jina moja katika bahari yote ile, na aliyemtuma huko ni mimi, kisha akanishukuru.

Kwa hiyo wewe uliyepewa vitu vya watu uvitunze, karatasi, daftari, picha, hata kitambaa ambacho hakuna aliyekiulizia miaka ishirini, nisikilize mimi mjinga. Usiseme hakina mwenyewe kwa sababu humwoni. Na ikiwa mkono umekwishateleza, basi siku mwenyewe akija mlangoni, mwambie kweli saa ile ile, kabla hujakoka moto, hata kama itakutoa kazini. Mimi sikuisema afisini, wala sikutolewa kazini. Niliifanya kazi ile mpaka nikastaafu, na siku ya kuniaga walinisomea risala, wakasema katika miaka yangu yote sikupoteza hata ramani moja kwa uzembe. Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikawashukuru, nikakaa.